Sumu ya mahindi: Tuwaonyeshe wanafunzi umbo lake

Mwaka 2004 nilikuwa nikifundisha somo la Kemia katika shule moja ya upili huko Makueni, iliyokuwa bado wilaya, kabla ya kaunti kuzaliwa. Muhula wa pili ulipofunguliwa, kiti kimoja katika Kidato cha Tatu kilikuwa kitupu. Mwenye kiti alirejea baada ya wiki tatu, amenyoa nywele, akaketi mahali pake bila kusema neno. Nyumbani kwao walikuwa wamezikwa watoto wawili, wadogo zake. Walianza kwa kutapika na kulalamikia tumbo, kisha macho yao yakageuka rangi ya manjano. Chakula kilichowaua kilikuwa ugali wa mahindi ya shamba lao wenyewe.

Waliokuwa watu wazima wakati huo hawajasahau. Kufikia Julai 20 mwaka huo wagonjwa 317 waliandikishwa, na 125 miongoni mwao wakafariki. Machakos na Thika ziliguswa, lakini Makueni na Kitui ndizo zilizobeba mzigo: zaidi ya robo tatu ya wagonjwa walitoka katika wilaya hizo mbili. Wala haikuwa mara ya kwanza Ukambani kuzika watu kwa sababu hiyo. Mwaka 1981 watu 20 waliugua Machakos na 12 wakafa. Wataalamu walipopima mahindi yaliyokuwa yakiuzwa katika masoko mwaka 2004, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango cha sehemu 20 katika bilioni kilichokuwa kimewekwa na sheria, na takriban saba katika kila mia zilipita sehemu 1,000.

Yule mwanafunzi aliniuliza swali moja tu, na aliliuliza siku nyingi baadaye, darasa lilipokuwa likitoka. "Mwalimu, kama ni sumu, mbona haikuwa na ladha?"

Nilimjibu kadiri ya uwezo wangu. Kesho yake niliandika ubaoni jina la aflatoksini B1, nikaandika fomula yake, yaani atomi 17 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni, kisha nikachora pete zake tano zilizoshikana. Nilichora kama mtu anayenakili maandishi ya lugha asiyoijua. Wanafunzi nao walinakili. Yule kijana alinakili pia, akapiga mstari kwa rula, akafunga daftari. Nilijua kwamba sikuwa nimemjibu.

Ndugu msomaji, imenichukua miaka mingi kutambua kosa la mchoro ule. Mchoro wenyewe ulikuwa sahihi. Kosa lake ni kwamba ubaoni kila kitu ni bapa. Chora maji, chora sukari, chora aflatoksini, vyote vitalala ubaoni kama mkeka. Mwanafunzi hana njia ya kujua ni kipi kilicho bapa kwa asili yake na ni kipi kilichobanwa na chaki ya mwalimu. Na katika habari ya sumu hii, ubapa ndio kisa chenyewe.

Mara ya kwanza nilipoiona molekuli ya aflatoksini B1 ikizunguka katika kompyuta, nilikuwa peke yangu katika mkahawa wa intaneti mjini Wote, nikilipa kwa dakika. Niliigeuza kwa kipanya mpaka nikaitazama ubavuni. Pete nne zilikuwa zimelala karibu sawasawa, zikawa kama ubao mwembamba ulioshikwa kwa upande. Pete ya tano, ile ya mwisho, ilikuwa imekunjwa, imeinuka kama mkia wa nge. Nilikuwa nimeichora mara nyingi ubaoni nisijue kwamba ina mkia.

Sasa sikiliza jinsi umbo hilo linavyoua. Ini hupokea kitu kigeni na kujaribu kukitengeneza ili kitolewe mwilini. Vimeng'enya vyake hupachika oksijeni moja katika pete ile iliyokunjwa, mahali penye kifungo maradufu baina ya atomi mbili za kaboni. Kwa kufanya hivyo ini, pasipo kukusudia, huinoa silaha. Sehemu bapa ya molekuli hupenya baina ya vidato vya ngazi ya DNA, kama barua inayosukumwa chini ya mlango, na mkia ulionolewa hunasa pale pale kwenye guanini, mojawapo ya herufi nne za urithi. Molekuli nyingine hunasa kwenye protini za ini. Kwa dozi kubwa chembe za ini hufa kwa wingi, na hayo ndiyo yaliyotokea 2004. Kwa dozi ndogo inayoliwa mwaka baada ya mwaka, DNA huharibika polepole na saratani ya ini hufuata. Hatua zote hizo huonekana mtu akipewa kitu cha kugeuza. Ubaoni nilikuwa nikizieleza kwa mikono hewani.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya nianze kubeba mifano hii kila niendako. Aflatoksini B1 ina nduguye aitwaye B2. Herufi B ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya buluu, kwa kuwa zote mbili hung'aa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno. B2 imeizidi B1 kwa atomi mbili tu za haidrojeni. Atomi hizo mbili zimekaa mahali pale pale penye kifungo maradufu, zikakifunga. Ini halipati pa kupachika oksijeni yake kwa urahisi, na B2 ikawa dhaifu mno ikilinganishwa na nduguye. Weka molekuli hizo mbili bega kwa bega katika slaidi moja, uwaambie wanafunzi wazigeuze watafute tofauti. Nimewaona wasichana wa Kidato cha Pili wakigombania kipanya kwa ajili ya haidrojeni mbili.

Hamu ya kushika kisichoshikika si mpya. Mwaka 1865 mwanakemia August Wilhelm Hofmann alisimama mbele ya hadhira mjini London na mipira ya mchezo wa kroke iliyounganishwa kwa vijiti: kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu. Rangi hizo tunazo hadi leo. Hata hivyo mifano yake ilikuwa bapa, kwa sababu hakuna aliyejua bado kwamba kaboni hunyoosha mikono yake minne kuelekea pande zote. Hilo lilingoja hadi 1874, Mholanzi Jacobus van 't Hoff alipolieleza. Aflatoksini yenyewe ilianza kutafutwa mwaka 1960, wakati zaidi ya batamzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa chakula chenye karanga zilizoota kuvu, na umbo lake likajulikana mwaka 1963. Kuvu hiyo ni Aspergillus flavus, ndiyo iliyoizalia sumu jina.

Nasi Wakamba hatuhitaji kufundishwa habari ya kugeuza kitu mkononi. Mutisya Munge alirejea Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ujuzi wa kuchonga, na vizazi vilivyomfuata vimeishi kwa patasi. Mtazame mchongaji kabla hajakata: hukigeuza kipande cha mti, akakitazama ubavuni, chini, juu, akakigeuza tena. Hakuna anayemwonyesha picha ya twiga na kumwambia anakili. Kwa nini basi mtoto wake afundishwe Kemia kwa picha bapa?

Watu hudhani jambo hili lahitaji mitambo ya Nairobi. Si kweli. Faili la aflatoksini B1 ni maandishi matupu. Lina mistari 35 ya atomi, kila mmoja na namba tatu zinazosema atomi hiyo iko wapi kwa urefu, upana na kina, kisha orodha ya vifungo. Hazina ya PubChem ya serikali ya Marekani hulitoa bure kwa yeyote. Ni dogo kuliko picha moja ya arusi katika simu yako. Programu za kulifungua na kulizungusha ni za bure pia. RasMol ilitungwa na Roger Sayle mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jmol ikafuata, na leo ChimeraX na Avogadro hufanya kazi katika kompyuta za kawaida.

Ugumu huanza pale unapotaka kuitia molekuli ndani ya hati au slaidi ili msomaji aigeuze mwenyewe, na hapa nina makovu ya kuonyesha.

Nilianza na kurasa zilizotegemea Java ndani ya kivinjari. Nilizitayarisha kwa miezi, nikaziunganisha na slaidi zangu, nikajivuna. Mwaka 2015 kivinjari cha Chrome kiliacha kupokea nyongeza za namna hiyo, vingine vikafuata, na kazi yangu yote ikageuka masanduku ya kijivu. Nilijua hivyo nikiwa mbele ya walimu arobaini katika semina ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Mwalimu mmoja wa kike aliyeketi mbele alinionea huruma, akauliza swali kuhusu jambo lingine kabisa ili kuniokoa.

Kisha nikageukia PDF. Tangu mwaka 2005 hati ya PDF yaweza kubeba umbo la pande tatu ndani yake, nawe ukaligeuza ukurasani. Ni jambo la kupendeza, isipokuwa hufanya kazi katika kompyuta yenye programu ya Adobe, tena baada ya msomaji kuiruhusu kwa kubonyeza onyo linalotisha. Katika simu, molekuli hulala kama ilivyolala ubaoni kwangu mwaka 2004. Na nani Kitui asomaye hati kwa kompyuta? Hati husomwa kwa simu, kwenye matatu, kioo kimepasuka pembeni.

Slaidi nazo zimeendelea. PowerPoint za siku hizi, kuanzia toleo la 2019, hupokea mfano wa pande tatu kama zinavyopokea picha. Unaihifadhi molekuli katika ChimeraX kwa umbo la faili liitwalo GLB, unaiingiza, unaigeuza mbele ya hadhira. Ilinifaa sana mpaka nilipoalikwa katika shule moja pande za Mwingi, ambapo kompyuta ya maabara ilikuwa na PowerPoint ya zamani. Mfano ulijitokeza kama picha iliyosimama. Safari hii sikuaibika, kwa kuwa programu yenyewe ina adabu ya kuweka picha mahali pa mfano unaposhindwa kufunguka. Somo liliendelea, ingawa lilichechemea.

Kilichofanikiwa mwishowe ni kitu duni kuliko vyote: ukurasa mmoja wa HTML, wenye zile namba za atomi na programu ya kuzionyesha vikiwa vimefungwa pamoja ndani ya faili moja. Programu zenyewe, JSmol na 3Dmol, hazihitaji Java wala nyongeza yoyote. Hufunguka katika kivinjari cha simu, cha kompyuta, cha vishikwambi. Haziulizi intaneti ikiwa vyote vimo ndani. Katika slaidi naweka picha ya kawaida, na chini yake kiungo cha kufungulia faili lililokaa kando yake katika diski ile ile. Siku ile Mwingi faili hilo lilipita kutoka simu ya mwalimu mmoja hadi ya mwingine kwa Bluetooth kabla chai haijapoa.

Lakini nisijipe sifa upesi. Februari moja nilikwenda Kitui Mashariki, kwa wito wa kikundi cha wakulima, wengi wao akina mama. Mahindi ya mvua za Novemba yalikuwa yamevunwa. Nilipachika kitambaa ukutani kanisani, nikawasha projekta kwa jenereta, nikaizungusha sumu yao mbele yao. Walitazama kwa heshima. Nilipomaliza, mzee mmoja alisimama, akavua kofia.

"Mwalimu, tumekushukuru. Umetuonyesha adui mpaka mkia. Mimi nina magunia kumi na moja nyumbani, na mvua imekwisha kuonekana upande wa Mutitu. Turubai ni bei gani?"

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini nililala na swali hilo. Mzee alisema kweli. Mahindi hayaokolewi na picha. Yanaokolewa kwa kukaushwa upesi mpaka unyevu ushuke hadi kiasi cha asilimia 13, kwa kutoanikwa juu ya udongo mtupu, kwa kuwekwa ghalani juu ya mbao penye hewa, kwa kuchambua punje zilizooza. Mwaka 2004 watu wengi walivuna mahindi mabichi, wakayaweka ndani ya nyumba zao kwa kuhofia wezi, na kuvu ikanawiri. Kijana mwenye kompyuta asimwambie mzee kama huyu kwamba alikosa elimu ya molekuli. Alikosa turubai, na pengine alikosa serikali.

Hata hivyo, katika mkutano ule ule mama mmoja aliuliza jambo ambalo turubai halilijibu. Alitaka kujua kama kuchemsha sana huiondoa sumu, maana wazazi wake walimfundisha kwamba moto husafisha kila kitu. Hapo nilirudi kwenye kitambaa. Nilimwonyesha pete zilivyoshikana, kila moja ikiwa na ukuta mmoja na jirani yake, nikamweleza kwamba aflatoksini B1 huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 268 za Selsiasi, ilhali sufuria ya ugali haivuki sana nyuzi 100. Aliikazia macho. "Kwa hiyo inachemka nasi na kubaki nasi," alisema, akaketi. Aliuliza pia kuhusu muthokoi. Nilimwambia kweli: kukoboa hupunguza sumu, kwa sababu sehemu yake kubwa huondoka na maganda, lakini haiimalizi, na maganda hayo wasipewe kuku. Jirani yake alimgusa begani na kumnong'oneza jambo kuhusu kuku.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba mfano ni badala ya turubai. Naamini kwamba mtu aliyeelewa kwa nini moto haufui dafu atakubali kutupa mahindi ambayo kwa macho yake ni mazima, na hakuna uamuzi mzito kuliko huo katika nyumba yenye njaa. Kumbuka kwamba Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi kwa ajili ya sumu hii hii, miaka kumi na mitano baada ya mazishi ya Makueni. Kiwango kinachoruhusiwa sasa ni sehemu 10 katika bilioni. Mlaji wa kawaida atauelewaje mjadala huo, ikiwa aflatoksini kwake ni neno tu la redioni?

Lipo ombi ninalotaka kulifikisha kwa wanaotunga vitabu vya mtaala wa umilisi na kwa idara za kilimo na afya za kaunti hizi mbili. Mnapotoa hati kwa njia ya kielektroniki, msitoe picha ya kitabu cha zamani iliyopigwa na mashine. Wekeni molekuli inayogeuka. Lakini iwekeni kwa namna itakayofunguka katika simu ya bei nafuu, pasipo intaneti, na kando yake wekeni picha iliyosimama yenye maelezo ya kutosha kwa siku ambayo teknolojia itatusaliti, kwa maana itatusaliti. Hifadhini pia lile faili la atomi 35 peke yake. Programu nilizozitegemea zimekufa moja baada ya nyingine mbele ya macho yangu, lakini namba za atomi hazijabadilika hata moja, na programu yoyote itakayozaliwa kesho itaweza kuzisoma. Pia msimchoshe mkulima kwa mapambo. Nimeona slaidi ambamo molekuli hujizungusha yenyewe bila kukoma, kama kinyago cha dukani, na hadhira ikapata kizunguzungu badala ya maarifa. Mfano usimame mpaka mtu aushike.

Na pale ambapo hakuna umeme wala simu ya maana, kuna udongo. Baada ya safari ya Kitui Mashariki nilianza kuwapa wanafunzi udongo wa mfinyanzi na vijiti vya mti wa mwarobaini. Huitazama molekuli katika simu moja ya mwalimu, huihesabu, kisha huifinyanga: mipira 17 iliyopakwa masizi, 12 iliyopakwa majivu, 6 iliyopakwa udongo mwekundu. Huchukua vipindi viwili. Darasa moja lilikosea mkunjo wa pete ya mwisho, likaubomoa mkia na kuanza upya bila kuambiwa.

Yule mwanafunzi wangu wa 2004 sasa ni baba. Tulikutana mwaka jana katika soko la Wote, naye akiwa amebeba turubai jipya begani. Nilimwomba simu yake nikamtilia lile faili, tukasimama kando ya barabara akiigeuza kwa kidole gumba. Aliigeuza kwa muda mrefu. Kisha aliuliza pete ya mwisho ni ipi, nikamwonyesha.